Mwalimu wa Hesabu wa Same

Kuna mwalimu mmoja wa hesabu aliyefundisha Same, chini ya milima ya Upare, baada ya kufika Tanzania mwaka 1969. Alikuwa Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Harlem, mtu wa miwani na sauti ya chini, jina lake Robert Parris Moses. Mkewe, Janet, naye alikuwa mwalimu. Walikaa nchini hadi 1976, na binti yao wa kwanza wakamwita Maisha. Kabla ya Same, Moses alikuwa Mississippi akiwasaidia watu weusi kujiandikisha kupiga kura. Wengi huyaona hayo kuwa maisha mawili, ya mwanaharakati kwanza na ya mwalimu baadaye. Mimi nikiyatazama kwa Kiswahili naona kazi moja tu, na kazi hiyo ni hesabu.

Tumelibebesha neno hili mizigo mingi. Hesabu ni somo la darasani, la kujumlisha na kutoa. Ni fedha za duka zinazofungwa jioni mlango ukiwa umeshashushwa. Mtu aliyeshika amana ya wenzake huitwa atoe hesabu. Ipo pia ile siku ya hesabu, ambayo wazee wetu huitaja kwa kushusha sauti. Na yule ambaye neno lake halipewi uzito barazani tunasema hahesabiwi. Maana zote hizo zilikutana Mississippi, na zinanisaidia kuliuliza swali ambalo masimulizi ya harakati za haki Marekani hulipita mbio: kuhesabiwa kuna faida gani ikiwa kalamu ameshika mwingine?

Katiba ya Marekani ya mwaka 1787 iliagiza watu wahesabiwe ili ijulikane kila jimbo litapata viti vingapi bungeni, na mtumwa akahesabiwa kuwa sehemu tatu kati ya tano za mtu. Wengi wakilisikia jambo hili hudhani kwamba wenye watumwa ndio waliotaka mtumwa apunguzwe. Ilikuwa kinyume. Wenye watumwa walitaka ahesabiwe mzima, kwa sababu kila kichwa kilichoongezeka kiliwaongezea wao viti na nguvu. Waliotaka asihesabiwe kabisa walikuwa wajumbe wa Kaskazini. Ile sehemu tatu kwa tano yalikuwa maridhiano ya watu huru kwa watu huru, na aliyehesabiwa hakuulizwa. Kwa hiyo hata angehesabiwa mzima, angehesabiwa kama ng'ombe wanavyohesabiwa zizini, ili mwenye zizi ajue utajiri wake. Kila ninaposikia mtu akisema kwamba haki ni kuhesabiwa, nakumbuka hilo, nasita.

Utumwa ulifutwa mwaka 1865, na mwaka 1870 mwanamume mweusi akalindiwa haki ya kura na katiba ile ile. Mashamba ya pamba ya eneo la Delta huko Mississippi, hata hivyo, yalibaki kwa walewale. Mtu mweusi alilima kwa kugawana mavuno: ardhi ya bwana, mbegu kwa mkopo wa bwana, unga na mafuta ya taa kwa mkopo pia, na mwisho wa mwaka, pamba ikishauzwa, anaitwa kufanya hesabu. Daftari liko kwa bwana. Bwana anafungua ukurasa, anasoma, na mara nyingi jibu ni kwamba bado unadaiwa. Kumwambia mzungu kwamba amekosea kujumlisha kulikuwa kuhatarisha maisha. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mississippi daftari lilikuwapo, na mali ilipotea humo humo ndani yake.

Fannie Lou Hamer alizaliwa mwaka 1917 katika maisha hayo, mtoto wa 20 kwa wazazi wake, na alianza kuchuma pamba akiwa na miaka sita. Kwa kuwa alijua kusoma na kuandika, kwenye shamba alilofanyia kazi karibu na Ruleville alipewa kazi ya kutunza kumbukumbu: saa za vibarua na uzito wa pamba ya kila mmoja. Mizani ya shamba ilipunja. Hamer alisimulia baadaye kwamba alikuwa na jiwe lake mwenyewe la mizani, la haki, akilitumia bwana anapokuwa mbali, na akimwona anakuja analirudisha lile la bwana mahali pake.

Nimekaa sana na kisa hiki. Nimezaliwa katika nyumba ya wakulima wa pamba Usukumani, na namkumbuka mama alivyoutazama mshale wa mizani siku ya kuuza, kwa namna ambayo sikumwona akitazama kitu kingine chochote. (Wakulima wa Kanda ya Ziwa walipoanza kuungana mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakiongozwa na akina Paul Bomani, mojawapo ya mambo yaliyowasukuma lilikuwa hilo la mizani ya wanunuzi.) Jiwe la Hamer halikubadili sheria wala halikuandikwa gazetini. Liliwapa wachumaji wachache ratili zao walizozitolea jasho, kwa siku chache, kwa siri. Ila anayebadilisha jiwe la mizani amekwisha kuamua jambo kubwa kichwani mwake. Ameamua kwamba kipimo cha bwana si kipimo cha Mungu. Baada ya hapo kilichobaki ni kusubiri nafasi.

Nafasi ilikuja tarehe 31 Agosti 1962. Watu 18 walipanda basi kwenda Indianola, makao ya kaunti, kujiandikisha kupiga kura. Wakati huo Mississippi ilikuwa na uzio wake, uliojengwa tangu katiba ya jimbo ya 1890: kodi ya kura, na mtihani wa kusoma kifungu cha katiba na kukifafanua mpaka karani aridhike. Karani alikuwa mzungu, na ridhaa yake haikuwa na rufaa ya karibu. Katika majimbo ya Kusini inasimuliwa hata leo habari ya makarani waliowauliza watu weusi kipande cha sabuni kinatoa mapovu mangapi. Hesabu nyingine hiyo, ya kumfungia mtu mlango. Hamer alipewa kifungu ambacho wakili angehitaji muda kukitafakari, akashindwa. Njiani kurudi, basi lilisimamishwa na dereva akatozwa faini kwa sababu basi lilikuwa la njano mno, likifanana na la shule. Jioni mwenye shamba akamwambia aende kufuta ombi lake au ahame. Alimjibu kwamba hakwenda kujiandikisha kwa ajili yake, alikwenda kwa ajili ya nafsi yake. Usiku ule akaondoka shambani alikoishi miaka 18.

Ukipima matokeo ya siku hiyo kwa kalamu utapata hasara tupu. Safari moja, faini moja, kazi imepotea, nyumba imepotea, kura hakuna. Jimbo zima lilikuwa hivyo. Katika kaunti ya Walthall hapakuwa na mpiga kura mweusi hata mmoja. Kufikia mwaka 1964, kati ya watu weusi wa Mississippi waliostahili kupiga kura, walioandikishwa hawakufika asilimia saba.

Moses aliingia katika mambo haya kupitia picha ya gazeti. Alikuwa akifundisha hesabu New York, baada ya kusoma falsafa Harvard, alipoona nyuso za wanafunzi weusi waliokuwa wamekaa kwenye meza za migahawa ya wazungu huko Kusini, mwanzoni mwa 1960. Akaenda kutazama kwa macho yake. Bi. Ella Baker, mlezi wa vijana wa SNCC, kamati ya wanafunzi wa harakati hizo, alimtuma Mississippi, na huko mwenyeji wake Amzie Moore akamwambia kwamba dawa ya mahali pale ni kura. Baker aliamini kwamba watu wa kawaida wanaweza kujiongoza wakipewa nafasi ya kusikiana, na Moses aliishika imani hiyo mpaka ikawa tabia yake. Mikutanoni alikaa nyuma. Mkulima ambaye maishani mwake hakuwahi kuulizwa maoni alisimama, akababaika, na Moses akangoja.

Mmoja wa waliomsaidia katika kaunti ya Amite alikuwa Herbert Lee, mkulima mwenye shamba lake na watoto tisa. Aliendesha gari lake kumpeleka Moses kwa majirani. Tarehe 25 Septemba 1961, kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba karibu na mji uitwao Liberty, jina lenye maana ya uhuru, Lee alipigwa risasi mchana, mbele ya watu, na mbunge wa jimbo, E. H. Hurst. Hurst alidai alikuwa akijitetea, na hakushtakiwa. Louis Allen, shahidi mweusi aliyelazimishwa kuukubali uongo huo na baadaye akataka kusema kweli, aliuawa naye Januari 1964.

Kwenye maziko ya Lee, mjane wake alimwendea Moses na mwenzake Chuck McDew, akijipiga kifua, akawaambia kwamba wao ndio waliomuua mumewe.

Hapa ndipo neno hesabu linapopata uzito wa ile siku ya mwisho. Risasi haikuwa ya Moses. Lakini bila ya Moses kufika Amite, Lee angekuwa hai, akilima. Kijana huyu aliyekuwa akimsoma Albert Camus alijua swali la kifalsafa la namna ya kukataa kuonewa bila kugeuka kuwa muuaji. Mjane alimletea swali lisilo la kitabuni. Unaweza kusema Lee alikufa kwa ajili ya haki za wengi, na kwa ngazi fulani ni kweli. Lakini jaribu kuiandika sentensi hiyo kama hesabu, mtu mmoja upande huu na wengi upande ule, kisha umsomee mama mwenye watoto tisa. Mizani inakataa. Maisha hayafutani kama deni na malipo. Ninaheshimu kwamba Moses, kwa miaka yote iliyofuata, aliendelea kulitaja jina la Lee katika hotuba zake, kama mtu anayejua kwamba deni hilo halina ukurasa wa kufungia.

Mwaka 1963 watu wa Mississippi walifanya jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha harakati nzima, ingawa husimuliwa mara chache. Serikali ya jimbo ilisema watu weusi hawapigi kura kwa sababu hawana haja nayo. Basi, mwezi Novemba, wakapiga. Waliandaa uchaguzi wao wenyewe, karatasi zao na masanduku yao, makanisani na kwa vinyozi, na mgombea wao wa ugavana akiwa Aaron Henry, mfamasia wa Clarksdale. Zaidi ya watu 80,000 walipiga kura ambayo kisheria haikuwa na maana yoyote. Hakuna gavana aliyetokana nayo. Lakini hebu fikiria usiku ule wa kuhesabu, watu waliozoea kusomewa deni lao kutoka daftari la bwana, sasa wanafungua sanduku lao na kuhesabu kwa sauti zao. Lilikuwa jiwe la Hamer, safari hii hadharani, jimbo zima.

Kisha likaja lile jambo gumu la mwaka 1964. Watu weusi walikuwa wakiuawa na taifa halishtuki. Mpango ukaletwa wa kuwaita wanafunzi karibu elfu moja kutoka vyuo vya Kaskazini, wengi wao wazungu, waje majira ya kiangazi. Kila mtu mezani alijua maana yake: wazungu wakiumia, kamera zitakuja. Baadhi ya wanaharakati weusi waliukataa mpango huo, na sababu zao zilikuwa nzito. Moses alisitasita, hadi alipouawa Louis Allen, ndipo akakubali. Tarehe 21 Juni 1964, James Chaney, mweusi, pamoja na Andrew Goodman na Michael Schwerner, wazungu, walitoweka, na taifa likasimama. Rita Schwerner, mke wa mmoja wao, alisema wazi kwamba angetoweka Chaney peke yake hakuna ambaye angejali. Katika kuwatafuta watatu hao, mtoni zikapatikana maiti za vijana wawili weusi, Henry Dee na Charles Moore, wa miaka 19 kila mmoja, waliouawa tangu mwezi Mei. Walikuwa wamelala majini wiki nyingi. Hakuna aliyekuwa akiwatafuta isipokuwa jamaa zao.

Sijui kama ningekuwa mezani ningepiga kura upande upi. Mpango ule ulikubali, kwa muda, mizani ya kupunja ya taifa lenyewe, ambayo juu yake mtoto wa Kaskazini alikuwa mzito kuliko wa Mississippi, na ukautumia upungufu huo dhidi ya wenye mizani. Ulifanikiwa. Na nadhani mafanikio yale yaliacha uchungu usiotoka.

Agosti mwaka huohuo wajumbe 68 wa chama walichokiunda wenyewe, Mississippi Freedom Democratic Party, walikwenda Atlantic City kwenye mkutano mkuu wa Chama cha Democratic, wakidai kwamba wao ndio wawakilishi halali wa jimbo. Hamer alitoa ushahidi mbele ya kamera, akaeleza alivyopigwa jela. Rais Lyndon Johnson aliitisha ghafla mkutano na waandishi ili kamera zimwache. Hatimaye wajumbe 68 wakatolewa viti viwili. Viongozi wakubwa wa nchi, wakiwamo marafiki wa harakati, waliwasihi wakubali: ni mwanzo, ni siasa. Wakulima na wasafishaji wa nyumba walikaa, wakajadili, wakakataa. Wapo wanaowalaumu hadi leo kwa kutojua siasa. Mimi naamini walijua hesabu. Mtu aliyekatwa ratili kwenye mizani maisha yake yote anaitambua mizani ya kupunja hata ikiletwa kwenye sinia.

Sheria ya haki ya kupiga kura ilitiwa saini tarehe 6 Agosti 1965, na katika muda wa miaka miwili hivi walioandikishwa Mississippi walikaribia asilimia 60. Moses alikuwa ameshaanza kujitoa. Watu walikuwa wamemfanya mkubwa kuliko alivyotaka, basi akaacha kutumia jina la Moses, yaani Musa, nabii aliyewatoa watu utumwani, akajiita Robert Parris. Mwaka 1966, akiwa amepita umri wa kawaida wa kuitwa jeshini, aliitwa kwa ajili ya vita vya Vietnam. Akaondoka kwenda Kanada, na kutoka huko akaja kwetu.

Alikuta nchi ambayo karatasi ya kura ilikuwa na picha. Tangu uchaguzi wa 1965, Tanzania Bara, wagombea wawili wa jimbo walipewa alama, mmoja jembe na mwingine nyumba, ili asiyejua kusoma ajichagulie bila kumwomba mtu. Chama kilikuwa kimoja na ndicho kilichowapitisha wagombea, sifichi hilo, na nalo lilikuwa aina yake ya kushikiwa mizani. Hata hivyo namfikiria mtu aliyeona watu wazima wakifukuzwa na karani kwa sababu ya kifungu cha katiba, sasa yuko mahali ambapo mama asiyejua herufi anatia kura yake kwenye jembe na anarudi shambani. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Kusoma, ambako Mississippi kulikuwa uzio, huku kulikuwa kisomo cha jioni chini ya mwembe.

Baada ya familia kurudi Marekani, Maisha alifika darasa la nane huko Cambridge, Massachusetts, mwaka 1982, katika shule isiyofundisha aljebra. Baba akaomba amfundishe darasani, pamoja na wenzake wachache. Kutokana na hapo ukazaliwa mradi wa aljebra alioufanyia kazi hadi alipofariki mwaka 2021. Hoja yake ilikuwa kwamba katika zama za kompyuta mtoto asiyejua aljebra anafungiwa nje ya uchumi kama baba zake walivyofungiwa nje ya kura. Somo lake lilianzia kwenye treni. Wanafunzi walisafiri kwa njia nyekundu ya treni ya mjini, wakarudi, wakaichora safari, wakaisimulia kwa maneno ya nyumbani kwao, kisha polepole wakayapeleka maneno hayo kwenye alama. Aligundua wapi watoto wanakwama. Miaka yote shuleni wamefundishwa swali moja, ngapi? Aljebra inahitaji swali la pili: upande gani? Vituo vitatu kwenda mjini si sawa na vituo vitatu kutoka mjini, ingawa vyote ni vitatu.

Nikiyarudia ya Mississippi nikiwa na maswali hayo mawili, narudi kwenye siku moja ya Agosti 1961, kabla Lee hajauawa. Moses alikuwa akitembea na watu wawili weusi kuelekea mahakama ya Liberty, wakajiandikishe. Binamu wa sherifu akawazuia njiani, akampiga Moses kichwani kwa mpini wa kisu mpaka damu ikamlowesha shati. Moses aliinuka, akawaambia waendelee.

Walioandikishwa siku ile: sifuri. Wakashika njia ileile, watu watatu, mmoja wao akivuja damu, kuuelekea mlango wa karani.